Makadirio ya Kusindikiza

Shati la kola lilikuwa moja tu, na lilikuwa na kazi moja. Mkewe alilitandaza juu ya kitanda kwa sababu meza ilijaa vyombo, akapitisha pasi kwenye mabega, akasita kidogo kwenye doa la rangi karibu na mfuko, doa lisilotoka, akaendelea.

"Leo unamsindikiza Ndoo wapi?"

"Kwa nesi mmoja mstaafu. Jiko na bafu."

"Jiko." Alilitamka neno hilo kama mtu aliyeuma kijiwe kwenye chakula. "Mke wa Ndoo alinisimamisha juzi dukani, akanionyesha jiko lake kwenye simu. Sinki mbili. Mbili! Sijui moja ya kuoshea vyombo na nyingine ya kuoshea nini, macho?"

"Labda ya pili ni ya kukuonyeshea wewe."

"Basi nimeiona. Na bomba lake linajikunja shingo kama bata." Akamrushia shati. "Wewe ndiye uliyepanga vigae vya jiko lile. Nilivitambua. Sikusema."

Mumewe alilidaka, akalitundika begani. Alikuwa akisugua kucha kwa brashi ya viatu, ingawa alijua kwamba saruji ya miaka ishirini na minne haitoki asubuhi moja. Kazini walimwita Chokaa, kwa sababu mikono yake ilikuwa nyeupe hadi viwikoni hata siku za mapumziko.

Kusindikiza kulikuwa hivi. Mwenye nyumba anayetaka kukarabati, hasa anayekopa, huambiwa alete makadirio ya makandarasi watatu, ili achaguliwe aliye nafuu. Ndoo, mwenye kampuni iliyosajiliwa, alileta ya kwanza. Ya pili na ya tatu aliyaandika Ndoo huyohuyo, kwa majina ya kampuni mbili zisizokuwapo popote isipokuwa kwenye karatasi zenye nembo, na bei zake aliziweka juu ya yake kwa kiasi cha kuaminika. Chokaa alikuwa mkurugenzi wa mojawapo. Kazi yake ilikuwa kwenda kwenye nyumba, kuvuta futi chumba hadi chumba ili aonekane, kusema "mm" mara tatu, na kuondoka. Ndoo alipopata kazi, na alipata daima, Chokaa aliitwa kuijenga kwa malipo ya kutwa. Ilikuwa hivyo kwa miaka sita.

Ndoo alilipata jina lake siku alipofika kwenye jengo lake la kwanza, kijana wa miaka kumi na tisa, kuja kubeba maji. Chokaa ndiye aliyemfundisha kushika mwiko, kusoma pimamaji, kujua kwa sikio tofali lililoiva. Ndoo hakuwahi kuwa mwashi mzuri. Alikuwa na kipaji kingine: alijua kuzungumza na watu waliokaa kwenye viti. Sasa alikuwa na gari jeupe la mizigo lenye jina lake ubavuni, na mbele ya wateja Chokaa alimwita Kontrakta. Kila alipolitamka neno hilo alihisi kana kwamba analipia kitu ambacho mwingine amekibeba nyumbani.

Njiani alipita kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Ubao wa bei ya saruji ulikuwa umefutwa na kuandikwa mara nyingi hata ukageuka kijivu, na mwenye duka alikuwa ameacha kuandika. Sasa alikuwa akiwaambia wateja mdomoni, mmoja mmoja.

Nesi alikuwa mama mfupi wa miaka sitini na tatu, na bado alibandika saa yake kifuani kama aliye zamu. Nyumba ilikuwa ya zamani, vyumba vitatu na korido. Chokaa alipitisha kiganja ukutani, akajua kwamba aliyeipiga lipu ile alikuwa fundi kweli.

"Wewe ndiye mkurugenzi?" aliuliza nesi, akiitazama mikono yake.

"Ndiyo, Mama."

"Ingia. Ila kwanza utazame hiki."

Mumewe alikuwa koridoni, kwenye kiti cha magurudumu. Zamani alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, akapigwa na kiharusi upande wa kulia, na katika maneno yake yote likabaki moja: haya. Nesi alikisukuma kiti hadi kwenye mlango wa bafu, na kiti kikagota kwenye fremu. Akamkumbatia mumewe chini ya makwapa, akamwinua, akapiga naye hatua nne za ubavu hadi kwenye choo, wote wawili wakihema.

"Mara sita kwa siku," alisema nesi. "Siku nikianguka naye tutaokotwa wawili."

"Haya," alisema Mzee, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

Kisha nesi alimwonyesha picha ambayo Kontrakta alikuwa ameileta jana. Ilichapwa kwa rangi kwenye karatasi nzito. Ilichorwa na mbunifu wake. Bafu la vioo, taa nyuma ya kioo, chungu chenye mmea, na mahali pa kuogea palipoinuliwa kwa kidato kizuri cha marumaru. Chokaa aliishika kwa ncha za vidole asiichafue. Aliona wivu, na hakuupamba kwa jina lingine. Mistari ilikuwa safi. Yeye hakuwahi kuchora mstari usio na vumbi.

Halafu akaona kwamba katika picha ile hapakuwa na kiti cha magurudumu, wala pa kukipitisha.

Alipaswa kukaa dakika kumi na tano. Alikaa saa mbili. Alipima mlango: sentimita sitini na sita. Alipima kiti, kisha akamwomba Mzee ashike gurudumu kwa mkono wake mzima, akapima tena, kwa sababu mtu hasukumi kiti bila viwiko. Alipima korido, akakigeuza kiti mwenyewe mara tatu, akaona kwamba korido ni nyembamba na kiti hakipati nafasi ya kunyooka kabla ya kuingia. Kitaingia kikiwa bado kinakata kona. Mlango wa themanini usingetosha. Ulihitajika wa tisini, upana wa kupita, fremu ikiwa imeshafungwa. Aligonga ukuta kati ya bafu na stoo kwa kifundo cha kidole: tofali za kusimamisha, haubebi kitu. Ukitolewa, kiti kitazunguka humo ndani. Kidato kisiwepo kabisa, sakafu ishuke kidogokidogo hadi kwenye tundu la maji.

"Wa jana hakugonga kitu," alisema nesi.

"Alikuwa na haraka, Mama."

"Na wewe huna?"

Hapo ndipo alipojua anachotaka. Aliitaka kazi ile iwe yake, kwa jina lake, kuanzia karatasi hadi kigae cha mwisho. Alimwuliza nesi anakopa wapi.

"Chama cha akiba na mikopo cha wastaafu. Wanataka makadirio matatu, ya makandarasi wenye namba ya usajili. Mkandarasi wanamlipa wao, na fungu la mwisho halitoki mpaka mimi nitie sahihi kwamba kazi imekwisha. Mbona mkurugenzi halijui hilo?"

"Kila chama na taratibu zake," alisema Chokaa, akatoka huku masikio yakimwaka.

Ofisi ya usajili ilikuwa ghorofa ya pili, na foleni ilianzia kwenye ngazi. Ilipofika zamu yake, karani alikuwa akimenya chungwa juu ya gazeti.

"Nataka kusajiliwa. Ukandarasi mdogo. Ukarabati."

"Cheti cha ufundi?"

"Nilijifunzia kazini."

"Kwa nani?"

"Kwa fundi wangu. Alikwisha kufariki."

"Basi hata akitaka kukushuhudia ana udhuru." Karani alicheka peke yake, akafuta vidole. "Kuna mtihani wa kuthibitisha ujuzi, kwa watu kama nyinyi. Mara moja kwa mwaka. Wa mwaka huu ulifanyika mwezi uliopita."

"Tangazo lilikuwa wapi?"

"Hapo ubaoni."

Ubao ulikuwa ndani ya ofisi, nyuma ya mgongo wa karani.

"Nina miaka ishirini na minne kazini, ndugu yangu. Nenda mtaa wowote hapa, nitakuonyesha ukuta."

"Mzee wangu, mimi siendi mtaani, mimi naangalia mfumo. Kwenye mfumo hupo." Karani alimwonea huruma kidogo, huruma ya mtu mwenye chungwa. Alivuta jalada kabatini. "Ngoja nikuonyeshe, mwakani usije mikono mitupu. Utaleta picha za kazi zako. Lakini kazi kweli, siyo vibanda vya kuku. Kama hizi. Huyu bwana picha zake tunazitumia kama mfano."

Lilikuwa jalada la Ndoo. Picha ya kwanza ilikuwa ngazi ya mzunguko, vidato kumi na saba, kila kimoja kimekatwa kwa mkono kwa sababu mashine ilikuwa imeharibika. Chokaa aliikumbuka kila pembe yake. Picha ya pili ilikuwa tao la mlango ambalo alilibomoa mara mbili mwenyewe, bila kuambiwa, mpaka likakaa. Kwenye ukingo wa picha ya tatu, ya ukuta wa mawe, ulionekana mkono wa mtu umeshika mwiko, mweupe hadi kiwikoni.

"Hizi ni kazi zangu."

"Kila mtu husema hivyo," alisema karani, bila ubaya. "Anayefuata!"

Alikaa kwenye ukuta mfupi nje ya ofisi. Wivu wa asubuhi ulikuwa wa sinki na gari, vitu ambavyo mtu anaweza kujiambia havitaki. Huu ulikuwa mwingine. Ndoo alikuwa na ngazi yake. Watu wasiomjua walikuwa wakiionyesha kama mfano.

Alitoa daftari la hesabu alilomnunulia binti yake asubuhi ile, akachomoa karatasi mbili za miraba katikati ya daftari ili lisionekane limechanwa, akachora. Mlango, tisini. Ukuta wa stoo, utolewe. Mteremko wa sakafu. Vishikio vya chuma upande wa kushoto, kwa sababu mkono wa Mzee uliobaki ni wa kushoto. Chini yake aliandika vifaa na bei ya kweli, isiyo ya kusindikiza mtu, na mwisho akaandika majina yake yote matatu. Hakuwa ameyaandika pamoja tangu alipooa.

Saa tisa na nusu nesi alizisoma karatasi zile amesimama, akafika mwisho, akarudi mwanzo.

"Hapa hapana kampuni."

"Haipo, Mama. Haikuwahi kuwapo. Asubuhi nilikuja kusindikiza."

Alimweleza yote. Nesi alisikiliza kama anayesikiliza mapigo ya moyo, bila kubadili uso.

"Kwa hiyo wote watatu ni mtu mmoja."

"Mmoja, Mama."

"Nimefanya kazi wodini miaka thelathini. Nimetia sahihi kupokea dawa ambazo sanduku lake lilikuja tupu, kwa sababu nisipotia sahihi, la mwezi unaofuata lisingekuja kabisa." Alizikunja karatasi. "Kazi hii ningekupa wewe. Lakini chama hakiwezi kukulipa, na mimi fedha mkononi sina. Nikiwaambia kwamba makadirio ni ya uongo, mkopo unafutwa, naanza upya mwakani. Mwakani sijui kama mgongo huu utakuwa unainua mtu." Alimtazama. "Mimi sitafuti haki, fundi. Natafuta mlango."

Chokaa aligeukia dirisha. Gari jeupe lilikuwa limesimama mbele ya nyumba.

Ndoo aliingia na harufu ya manukato, mbunifu nyuma yake, msichana mwenye miwani na kompyuta bapa kifuani. Alipomwona Chokaa sebuleni alitabasamu kwanza, tabasamu la kazi, kisha likamfia usoni.

"Mkurugenzi," alisema. "Bado upo?"

"Amenichorea," alisema nesi, akamkabidhi Ndoo karatasi za miraba. "Hiki ndicho ninachokitaka. Kila kitu kilichomo humu."

Ndoo alizisoma polepole. Kusoma michoro alifundishwa, na mwalimu wake alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale. Aliona bei. Aliona majina matatu.

"Mama, tupe dakika moja na mkurugenzi."

Nje, kwenye kivuli cha gari, hakupandisha sauti. Kupandisha sauti alikuwa ameacha tangu apate gari.

"Umetaka kuniumbua, kaka."

"Nimetaka kazi."

"Kazi si ninakupa kila siku?"

"Unanipa yangu."

"Haya, sikiliza. Mchoro wako ni mzuri, sibishi. Dizaina atausafisha, utaingia kwenye karatasi yangu. Jumatatu saa moja uje, utasimamia wewe mwenyewe, nakuongezea kidogo. Sasa tia sahihi hapa." Alilaza juu ya boneti makadirio ya kampuni isiyokuwapo, bei ikiwa imekwisha kuandikwa. "Jioni hii yapelekwe chama."

"Ngazi ya mzunguko," alisema Chokaa. "Uliipeleka kama yako."

Ndoo alipangusa vumbi kwenye boneti. "Kwani wangenipa namba kwa picha za ndoo?" Na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka kweli, kama zamani, na Chokaa nusura acheke naye, jambo lililomuudhi kuliko yote.

"Sitii sahihi."

"Usilete utoto."

"Mkurugenzi amejiuzulu."

Ndoo alimtazama, akaona kwamba si mzaha, akageuka. "Dizaina! Kalamu unayo?"

Mbunifu alikuja, akaisoma karatasi kwa jicho moja. "Mimi hii ni ya tatu wiki hii," alisema. "Na mwezi uliopita bado hujanilipa." Hata hivyo akainama juu ya boneti, akatia sahihi, mkunjo mmoja mzuri na nukta. Ilimchukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Miaka sita Chokaa alikuwa ameiona nafasi ile kama kitu anachomfanyia Ndoo, kitu ambacho siku moja angeweza kukizuia. Sasa aliona kilivyo. Mkurugenzi asiyekuwapo anaweza kuwa mtu yeyote.

Mbunifu alikuwa tayari ameanza kunakili mchoro kwenye kompyuta yake. "Mlango nimeweka themanini," alisema.

"Tisini," alisema Chokaa.

"Milango iliyo tayari madukani ni themanini," alisema Ndoo. "Tisini ni ya kutengenezesha. Sinunui mbao kwa bei za siku hizi kwa ajili ya sentimita kumi. Ni ya kawaida hiyo, kiti kitapita."

"Hakitapita. Korido ni nyembamba."

"Kitapita akijitahidi."

Chokaa alirudi ndani peke yake. Nesi alikuwa amesimama kwenye korido, mkono mmoja kwenye kiti cha mumewe, na ilikuwa wazi kwamba dirisha lilikuwa limemletea mazungumzo yote.

"Mama, una ufagio wa mpini mrefu?"

Aliletewa. Akalaza futi juu ya mpini kuanzia ncha, akatia alama kwa penseli, akaipima tena, akatoa msumeno mdogo kwenye mfuko wake wa kazi na kukanyaga ufagio kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma.

"Wewe! Ufagio wangu!"

"Nitakuletea mwingine."

"Lini?"

Msumeno ulikwisha kupita. Alipuliza ncha, akampa kijiti.

"Tisini kamili. Watakapokwambia wamemaliza, fremu imefungwa, mlango umefunguliwa wote, kishike hivi, kimelala, ukipitishe. Kikipita bila kugusa, tia sahihi yako. Kikigusa popote, usitie."

"Atasema themanini ni ya kawaida."

"Kijiti hakijui kawaida, Mama. Wala mimi sitakuwapo kubishana naye."

Alisema hivyo bila kujidanganya kwamba ni huruma tupu. Sehemu yake ilikuwa kwa ajili ya Mzee. Sehemu nyingine, na hakujaribu kujua ipi ni kubwa, ilikuwa kwa ajili ya uso wa Ndoo siku fungu la mwisho litakapokwama kwenye mpini wa ufagio.

Nesi alikilaza kijiti kwenye mlango wa bafu. Kilikwama fremu zote mbili, kikabaki kimetokeza upande mmoja kwa kiasi cha shubiri. Mzee alinyoosha mkono wa kushoto, akakitaka. Akapewa, akakilaza mapajani, akakishika katikati.

Honi ililia nje mara mbili. "Chokaa! Njoo nikushushe nyumbani!"

"Tangulia," alijibu, bila kugeuka.

Gari liliondoka. Unga wa mbao ulikuwa umetapakaa kwenye kizingiti. Chokaa aliuokota ufagio, ambao sasa haukuzidi urefu wa mkono wake. Ilimbidi ainame sana kufagia, na shati la kola likachomoka kwenye suruali mgongoni.